Baraza Likikauka

Watu wasioijua kazi yetu hudhani adui ni uchafu. Uchafu hauna neno, unatoka. Adui ni mstari. Ukiosha baraza la mawe kwa mashine ya presha na mkono wako ukayumba, maji yanakula hapa na kuruka pale, na ubaya wake huuoni papo hapo. Jiwe likiwa bichi linaficha kila kitu. Baada ya nusu saa, likikauka, ndipo baraza linapotokeza mistari kama shati la mfungwa, na mwenye nyumba anakuita.

Mume wangu alikuwa haachi mstari. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi hii, yeye akishika bunduki, maana ndivyo tunavyoiita ile fimbo inayorusha maji, mimi nikimwaga sabuni, nikisugua pembeni na kuvuta mpira. Wateja walimpachika jina la Rula. Alilipenda kuliko jina alilopewa na babake.

Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Mashine imeutikisa miaka kumi na tisa, sasa unajitikisa wenyewe. Yeye hakusema, nami sikuuliza. Nikabuni ujanja. Akimaliza sehemu yake, kabla haijakauka, namwambia, "Baba watoto, kanywe chai kwenye gari, mimi namalizia povu." Akiondoka nashika bunduki na kuirudia kazi yote tangu mwanzo. Nikitoka hapo niko hoi. Kisha anarudi, mawe yamekauka, safi kama sahani, anasimama mikono kiunoni na kuitazama kazi yake. Ningemwambia nini? Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikajiambia ndiyo mapenzi hayo.

Jumanne moja tukaitwa kwa matroni mstaafu, mwanamke aliyeamrisha wodi maisha yake yote na asiache kuamrisha alipostaafu. Baraza lake la nyuma lilikuwa la mawe laini, rangi ya mchanga, na utelezi wa kijani umejaa kwenye viungo. Nikashika ndoo. Akanizuia.

"Wewe mama, kaa hapa na mimi," alisema. "Nimeona baraza la jirani yangu. Namtaka aliyeliosha lile, peke yake. Sitaki mikono ya watu wawili kwenye baraza langu."

"Huwa namalizia povu, bi mkubwa."

"Povu nitalimwagia maji mwenyewe. Keti."

Lile la jirani nililiosha mimi, kila jiwe. Nikaketi, roho mkononi.

Mume wangu alinitazama mara moja tu, akawasha mashine. Alijitahidi, siwezi kusema hakujitahidi. Alishika bunduki kwa mikono miwili, akabana kiwiko ubavuni. Lakini hatua zake nazijua, na siku hiyo zilikuwa fupi, za mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Matroni alinisimulia habari za magoti yake, nami nikawa naitikia "pole" hata pale aliposema yamepona.

Mume wangu alipozima mashine, jua lilikuwa kali. Nililichukia jua lile. Upande wa karibu na mlango ukaanza kukauka, ukatokea mstari mmoja, kisha wa pili, kisha nikaacha kuhesabu. Kwenye jiwe la katikati alikuwa ameshusha mno mdomo wa bunduki, maji yakachimba mfereji mwembamba unaoingia ukucha. Huo haufutiki, hata ukisugua mwaka mzima.

Matroni akavaa miwani. "Hii ndiyo kazi niliyoiona kwa jirani?"

Nikasimama. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari: mashine mbovu, umeme mdogo, mawe duni. Nikachagua mawe. "Bi mkubwa, mawe ya aina hii yana kawaida ya—"

"Mama watoto," mume wangu akasema. "Acha."

Akaiweka bunduki chini, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya matroni, na ukatetemeka mbele yetu sote. "Lile la jirani aliliosha huyu," alisema. "Na yote mengine tangu mwaka jana. Mimi hunywa chai."

Nilihisi kama nimevuliwa nguo. "Ulijua?"

"Gari lina kioo cha kuonea nyuma, mama watoto."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unajitahidi sana," alisema. "Nikaona haya kukuharibia."

Hasira zilinipanda, kweli. Mwaka mzima nafanya kazi mara mbili, kumbe naigiza mbele ya mtu mwenye tiketi. Nilitaka kumpiga na ndoo. Kisha nikamwona amesimama, mkono bado mbele, hajui aurudishe wapi, na hasira zikaniishia, nikabaki na huzuni tupu. Rula alikuwa amekwisha, na aliyetangaza habari ni yeye mwenyewe.

Matroni hakumbembeleza. Alimshika kifundo cha mkono, akakigeuza huku na huku, akasema, "Mficha maradhi," asimalizie. "Uende hospitali wiki hii. Si wiki ijayo. Na wewe mama, nirudishie baraza langu kama la jirani. Hilo jiwe lenye mfereji nitaliwekea chungu cha maua."

Nikashika bunduki mbele ya mume wangu kwa mara ya kwanza. Alisimama nyuma yangu, na nilijua macho yake yako kwenye mikono yangu. Safu ya kwanza ilitoka sawa. Ya pili pia. Kwenye ya tatu bega langu la kulia likauma, kama linavyouma siku hizi, uchungu wa kutoka shingoni hadi vidoleni. Nikashusha mkono, nikazima, nikajifanya nauchunguza mdomo wa bunduki.

"Bega linakuuma tangu lini?" aliuliza.

"Haliumi."

Aliinama, akaunyanyua mpira kutoka sakafuni, akautundika begani mwake ili nisiwe na kazi ya kuuvuta. Nikawasha mashine, tukaenda hivyo, mimi mbele yeye nyuma, hadi ukutani.