Mlango wa Saa Kumi na Mbili na Dakika Nne

Alhamisi ya pili ya Februari, saa kumi na mbili na dakika nne asubuhi, mlango wa mbele wa nyumba ya Norbert Zielinski ulianguka ndani. Uling'oka pamoja na bawaba zake, ukalala bapa kwenye ukumbi, na theluji ikaingia nyuma yake ikatua kwenye zulia. Norbert alikuwa jikoni akipima kahawa. Mkewe, Dolores, aliita kutoka chumbani.

"Norb, mlango."

"Nimeusikia."

Alimaliza kupima kahawa, akamimina maji, ndipo akaenda kutafuta bisibisi.

Norbert alikuwa na miaka sitini na minne. Miaka ishirini na tisa kati ya hiyo aliitumikia serikali ya shirikisho kama mpelelezi, karibu yote hapo hapo mjini Erie, na katika muda wote huo hakukosa ubatizo wala mahafali ya mtu yeyote wa ukoo wake. Sasa alikuwa na miaka mitatu ya kustaafu, na kustaafu hakukumkaa mwilini. Alikuwa ameshakaza kila skrubu ya nyumba ile. Alikuwa amepanga gereji upya mara nne. Kuna siku aliendesha gari hadi ziwani, akayatazama maji yaliyoganda kupitia kioo, akageuza gari bila kushuka. Akikaa mezani, goti lake la kushoto lilichezacheza mpaka vijiko vikalia kwenye sahani, na Dolores akamwekea mkono juu ya paja kama mtu anayetuliza mashine ya kufulia. Kwa hiyo mlango ulipoanguka, Norbert aliona kheri. Alipata kazi ya asubuhi nzima.

Ijumaa ukaanguka tena, dakika ile ile. Jumamosi vilevile.

Chester, jirani aliyekuwa seremala, alikuja na bakuli la maandazi yenye jamu, yale watu wa mji ule wanayoyamaliza kabla ya Kwaresima kuingia. Akabadilisha miimo, akaweka bawaba nne badala ya tatu. Jumapili mlango ukaanguka na bawaba zote nne. Wakanunua wa chuma. Wa chuma nao ukaanguka, ukapasua vigae viwili.

Chester akachuchumaa, akaukagua huku akitafuna.

"Mlango hauna kosa," alisema. "Miimo haina kosa. Na kazi yangu, usije ukasema, haina kosa."

"Sasa?"

"Sasa tandikeni godoro."

Dolores akatandika godoro la zamani la binti yao pale ukumbini. Mlango ukawa unaanguka bila kelele kubwa, na mama wa nyumba ya mkabala akawa anamwamsha mumewe kila akiuona umelala, maana saa yake ya kengele ilikuwa ikichelewa.

Norbert aliuchukulia mlango kama kesi. Alipiga picha, akapima, akaandika kwenye daftari. Chini kidogo ya kitasa, kila asubuhi, palikuwa na alama mbichi ya soli ya buti, namba kumi na tatu, iliyolika upande wa nje wa kisigino. Siku ya tisa alishuka chini ya nyumba, akafungua boksi lenye buti zake za kazi, akapandisha moja na kuilaza juu ya alama ile. Ikakaa sawasawa. Aliandika hilo pia, pamoja na saa, kisha akairudisha buti kwenye boksi.

Paula, binti yao, aliwaambia waje walale kwake Cleveland mpaka baridi ipungue. Wakaenda. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na dakika nne, mlango wa Paula ukaanguka ndani, ukakosa kwa vidole vitatu kiti kirefu cha mjukuu wao, Josie. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Mume wa Paula akaenda kuleta bisibisi. Paula akamketisha baba yake kwenye kochi, akamshika mikono yote miwili.

"Baba, tunakupenda. Njooni mchana. Mchana njooni hata kila siku."

"Mchana," Norbert alisema.

"Kulala ndio isiwe."

"Nimeelewa, mwanangu."

Josie aliuliza kwa nini babu kavunja mlango. Akaambiwa ni kazi yake ya zamani, naye akaridhika.

Wakiwa njiani kurudi, walipovuka mpaka wa jimbo, Dolores aliuliza.

"Ulivunja milango mingapi, Norb?"

"Mia mbili na kumi na moja."

"Na huu ni upi?"

Theluji ilikuwa ikipita barabarani kwa mshazari, na malori yalikuwa yanawapita.

"Wa Mtaa wa Ishirini na Moja," Norbert alisema.

Dolores aliukumbuka. Ilikuwa mwaka 1998. Hati ya upekuzi ilisema namba 418, Mtaa wa Ishirini na Moja, Magharibi. Wao wakaenda namba 418, Mashariki. Nyuma ya mlango ule alikuwepo Earline Tatum, mpishi wa shule, amevaa aproni, anakuja kufungua kwa sababu alisikia hatua kwenye ngazi zake. Mlango ukamwangukia, na watu sita wakapita juu yake. Nyonga ilivunjika, ikaungwa, haikukaa sawa tena. Kazi ikaenda. Aliposhtaki alishindwa, kwa kuwa ripoti ilisema mwenye nyumba alifungua mlango kwa hiari yake, akateleza.

"Uliniambia alifungua mwenyewe," Dolores alisema.

"Niliandika hivyo."

"Sikukuuliza uliandika nini."

Kesho yake Dolores alilala kwa dada yake, na mlango wa dada yake haukuanguka. Siku ya tatu alirudi, akasema godoro lile linahitaji shuka.

Norbert alikwenda Mtaa wa Ishirini na Moja, Mashariki, siku ya Jumanne saa nane mchana. Alibisha, kisha akashuka ngazi zote, akasimama chini kwenye theluji, mikono nje ya mifuko. Aliyefungua alikuwa mwanamke mrefu wa miaka themanini, anajishikiza kwenye chuma cha kutembelea cha miguu minne.

"Ni wewe," Earline alisema. "Umenenepa."

"Ndiyo, mama."

"Mimi siyo mama yako. Ingia, joto linatoka."

Alimweleza yote, godoro, Cleveland, alama ya buti. Earline alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayeeleza bomba linavyovuja kwake.

"Saa kumi na mbili na dakika nne," alisema. "Saa yenyewe hiyo. Wangu hauanguki."

"Hauanguki?"

"Uangukeje? Naufungua. Saa kumi na mbili kasoro robo niko hapo nimeshavaa. Saa kumi na mbili naufungua wote, nasimama pembeni, mpaka saa kumi na mbili na nusu. Wakija wakute uko wazi."

"Kila siku?"

"Krismasi pia. We unadhani mwenzio nalala?"

"Miaka ishirini na sita?"

"Hesabu wewe, ndiye mwenye kiinua mgongo."

Goti la Norbert lilikuwa limeanza kucheza. Alilishika kwa mkono. Akamwambia kwamba yeye huamka mapema hata hivyo, na angeweza kuja kila asubuhi kumfungulia mlango, ili yeye alale.

Earline alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Bwana," alisema polepole, "nikisikia miguu yako kwenye ngazi zangu saa ile, nitakufa hapo hapo nilipo. Usije. Unataka kunifanyia kitu, nenda kawaambie waifute ile sentensi. Waandike sikufungua."

Alikwenda siku ile ile. Jengo la idara lilikuwa na milango ya vioo inayofunguka yenyewe. Mkuu wa sasa, mwanamke mwenye adabu aliyejifunza kazi chini yake, alimpa kahawa na fomu. Norbert aliandika kurasa tatu kwa mkono, akatia sahihi kila ukurasa. Aliulizwa kama yuko mzima kiafya. Akajibu mlango wake unaanguka kila asubuhi. Mkuu akaandika hilo kwenye kisanduku cha maelezo mengine.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Mei. Lilisema ripoti inaweza kurekebishwa na afisa aliyeiandika pekee. Kwamba afisa huyo amestaafu, na mstaafu hana mamlaka ya kurekebisha ripoti. Kwamba idara inamshukuru kwa utumishi wake. Norbert alimpelekea Earline barua hiyo mchana. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Basi," alisema.

"Nitaandika tena."

"Andika. Una muda." Kisha akasema, "Nipe namba yako ya simu."

Kuanzia hapo Norbert naye akawa anafungua mlango saa kumi na mbili kamili, anasimama pembeni. Ilipofika dakika ya nne, upepo ulimpita usoni, na alama za buti za watu sita zikaingia zenye maji, zikafika chumbani, zikazunguka kitanda alichokuwa amelala Dolores, zikatoka. Mlango haukuanguka tena. Dolores aliamka akapiga deki. Siku nyingine alianzia chumbani, siku nyingine alianzia ukumbini. Godoro likarudishwa juu, lakini Paula hakusema neno la kulala, na wao hawakumwomba.

Saa kumi na mbili na dakika kumi simu hulia. Norbert huipokea akiwa amesimama.

"Kwako wamepita?" Earline huuliza.

"Wamepita. Kwako?"

Husikika upepo kwenye simu, na chuma cha kutembelea kikisogea kidogo sakafuni.

"Kwangu bado," husema, na kukata.