Ukurasa Mmoja wa Sifa

Msimu uliopita timu ya wasichana ya chuo ilishinda mechi mbili kati ya kumi na sita, na katika moja ya hizo mbili wapinzani walifika wakiwa watano tu, mmoja akateguka kifundo cha mguu kabla ya mapumziko. Msimu huu walishinda kumi na moja, wakafika nusu fainali, wakatolewa kwa tofauti ya pointi tatu. Ghafla watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa mpira wa kikapu wakaanza kusema, “Sisi mwaka huu tumecheza.”

Ndipo Mkuu wa chuo alipomwita Mama Chupa ofisini.

Wanafunzi walimwita hivyo kwa sababu mbili. Kazi yake ya mshahara ilikuwa fundi wa maabara ya kemia, kuosha chupa na kuzipanga tangu asubuhi. Kazi yake ya kujitolea, kuanzia saa kumi jioni, ilikuwa kocha msaidizi, na siku nyingi hiyo ilimaanisha kubeba chupa za maji. Ujanani alikuwa mchezaji mfupi mwenye viwiko vikali, na goti lake la kushoto lilikuwa bado linamkumbusha enzi hizo kila akichuchumaa.

“Siku ya tuzo ni Ijumaa ijayo,” Mkuu alimwambia. “Kocha anapewa ngao. Nataka wewe usome maneno, ueleze nini kimeibadilisha timu. Umekuwepo tangu zamani, hakuna anayejua kukuzidi.”

“Maneno mangapi, Mkuu?”

“Ukurasa mmoja. Ukizidi hapo watu watasinzia. Msifu kocha, wasifu wasichana, halafu ukae.”

Ilionekana kazi rahisi. Alirudi stoo nyuma ya maabara, akasogeza sanduku la mirija ya vioo, akaandika: “Mafanikio ya timu yetu yametokana na juhudi za kocha wetu mpya.” Akaitazama sentensi hiyo. Haikuwa uongo, lakini kalamu ilikataa kuendelea.

Kocha huyo mpya walimwita Saa, kwa ile saa ya kupimia mbio aliyoivaa shingoni hata kwenye vikao vya walimu. Alikuwa kijana mkimya, asiyejua kupiga kelele. Alichora mipango yake kwenye karatasi, akawagawia wasichana, kisha akawauliza mmoja mmoja kana kwamba ni mtihani. Aliwakimbiza mpaka wakamchukia, halafu wakaona robo ya nne wapinzani wanahema na wao bado wana pumzi, wakaacha kumchukia. Hayo yote Mama Chupa aliyaona kwa macho yake.

Ila kabla ya Saa alikuwepo Kocha Mzee. Aliifundisha timu miaka tisa, na mwaka jana, baada ya msimu ule wa ushindi wa mechi mbili tu, kamati ya michezo ilikaa kuamua kama aendelee. Walimuuliza na Mama Chupa. Yeye, akiwa ameinamia meza, alisema maneno manne tu: “Labda tunahitaji mtu mwingine.” Wiki iliyofuata Mzee alirudisha funguo za stoo ya mipira. Tangu siku hiyo Mama Chupa hakuwahi kwenda kumjulia hali, ingawa karakana ya baiskeli ya Mzee ilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwake.

Jioni, mumewe alimkuta mezani na ile karatasi yenye sentensi moja.

“Andika ni Mungu,” mumewe akasema, akivua viatu. “Hakuna atakayesimama kukubishia.”

“Wewe nawe! Nataka kuandika ukweli.”

“Ukweli kwa ukurasa mmoja? Basi andika herufi ndogo.”

Siku ya pili, mazoezi yalipokwisha, aliwakalisha wasichana pembeni mwa uwanja akawauliza wenyewe. Nahodha, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alijibu kwanza.

“Andika ni sisi, mama. Nani alikuwa anakimbia? Sisi. Kocha alikuwa ameshika saa tu.”

“Bila hiyo saa,” mwingine akadakia, “wewe ungekuwa unakimbia mpaka leo kwa mwendo wa bibi harusi.”

Wakacheka, wakaanza kubishana, kila mmoja na jibu lake. Mama Chupa aliandika yote. Walipoondoka, alibaki mmoja, yule waliyemwita Ngazi kwa urefu wake. Alikuwa chini ya kikapu, anatupa mpira, anaukimbilia, anarudi kwenye mstari.

Kama kulikuwa na kitu kilichowashangaza watu msimu huu, kilikuwa mkono wa Ngazi. Mwaka jana akichezewa vibaya na kupewa mitupo huru, mashabiki wa timu yake mwenyewe walifumba macho. Kati ya kumi ilikuwa inaingia minne. Ndiyo maana mechi ikiwa ngumu, dakika za mwisho, Kocha Mzee alimwita benchi. Msimu huu iliingia minane. Na ile robo fainali hakuna aliyeisahau. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja, imebaki dakika moja, Saa akaomba muda wa kuongea na wachezaji. Mama Chupa alimnong'oneza, “Kocha, mtoe Ngazi. Watamchezea vibaya makusudi, wanamkumbuka wa mwaka jana.” Saa alimtazama kidogo akasema, “Abaki.” Wapinzani walifanya hivyo hivyo. Ngazi alisimama kwenye mstari zikiwa zimebaki sekunde saba, akatupa wa kwanza, ukaingia. Akatupa wa pili, ukazunguka ukingoni kama unaotafuta mlango, nao ukaingia.

“Ngazi, mwanangu,” Mama Chupa akamwita sasa. “Wewe hujasema kitu. Watu wanasema Kocha Saa amekutengeneza mkono. Niandike hivyo?”

Ngazi akaukumbatia mpira kifuani. “Mama, Kocha Saa hajawahi kunisahihisha mkono hata siku moja. Huu mkono ni wa Mzee.” Akaonyesha: kiwiko chini ya mpira, pumzi moja, vidole vinamalizia. “Mwaka jana kila siku, nyinyi mkishaondoka, nilitupa mipira mia. Mzee ndiye alikuwa anaokota na kunirudishia, mpaka anashika kiuno. Mwaka huu nimetupa mia ileile, ila naokota mwenyewe.”

“Sasa mbona mwaka jana haikuwa inaingia?”

“Mazoezini ilikuwa inaingia.” Akaudundisha mpira mara moja. “Kwenye mechi nilijua nikikosa tu naitwa benchi. Kwa hiyo mpira uko mkononi, lakini masikio yako benchi, yanasubiri jina langu. Kocha Saa alipokuja, mechi ya kwanza kabisa nilikosa mitupo minne. Nikageuka kumwangalia, nikaona anaandika tu. Hakuniita. Mechi ya pili nikaacha kugeuka.”

Mama Chupa hakuandika hilo papo hapo. Alikaa na kalamu mkononi, akijua sasa ni wapi lazima aende.

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Karakana ilikuwa chumba kimoja, magurudumu yamening'inizwa darini, beseni la maji sakafuni la kutafutia pancha, harufu ya gundi na mpira. Kocha Mzee alikuwa ameinama juu ya mnyororo. Alipomwona hakushtuka.

“Karibu, binti yangu. Umeleta baiskeli?”

“Sijaleta baiskeli, Mzee. Nimejileta mwenyewe.”

“Basi kaa hapo, ila usiegemee, kuna grisi.”

Alikaa. Akasema, “Mzee, nimechelewa kuja. Kwenye kamati ile—”

“Najua ulichosema.” Mzee alikuwa bado anafuta mnyororo. “Mji huu mdogo. Ulisema kweli.”

“Lakini ningeweza kusema na mengine. Kwamba uliwafundisha kusimama, kupasiana. Na kumbe ulikuwa unaokotea watoto mipira mpaka jua linazama.”

“Ungeweza, na hukusema. Iliniuma miezi mitatu, sikufichi. Mke wangu alichoka kunisikia.” Akacheka kwa pua. “Halafu siku moja nikaenda kuwatazama. Nilikaa juu kabisa, nyuma ya wale wapiga ngoma.”

“Ulikuja? Mechi gani?”

“Robo fainali. Nilipoona mmebakiza dakika moja, nikasema moyoni, sasa atamtoa mtoto wangu. Mimi ningemtoa. Miguu yangu ilishaanza kusimama kama niko benchi.” Aliuweka mnyororo chini. “Hakumtoa. Nikaona yule mtoto anaenda kwenye mstari na kiwiko chake kiko pale pale nilipokiweka mimi. Binti yangu, nililia, na sikujua nalia nini. Furaha ilikuwepo. Aibu nayo ilikuwepo. Nilimfundisha kutupa miaka miwili, lakini sikuwahi kumwachia mechi hata moja. Nilikuwa naogopa kushindwa, basi nikamfundisha na yeye kuogopa.”

Mama Chupa alimweleza habari za ule ukurasa, na kwamba alitaka kumtaja.

“Nitaje kwa kilicho changu,” Mzee akasema. “Usinibebeshe cha kijana wa watu kwa sababu unanionea huruma. Na usimpe yeye cha kwangu kwa sababu ameshinda. Na wale wasichana, usiwaweke mwisho kama chumvi. Mia kwa siku si mchezo.”

“Utakuja Ijumaa?”

“Ijumaa nina magurudumu sita ya watu. Siji.”

Alhamisi, Mama Chupa alimpelekea Saa ukurasa aliokwisha kuuandika. Hakutaka ausikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Saa aliusoma akiwa amesimama mlangoni mwa stoo ya mipira, akarudia tena tangu juu.

“Dada, hapa umeandika kwamba sikumfundisha Ngazi kutupa.”

“Ulimfundisha?”

“Hapana.” Akajikuna shingo pale kamba ya saa ilipokuwa inapita. “Inaniuma kidogo, lakini hapana. Nilikuja nikakuta mkono uko tayari. Nilifikiri amezaliwa nao.”

“Soma mstari unaofuata.”

Aliusoma kwa sauti: “‘Lakini kocha huyu alimwacha uwanjani siku ambayo mimi nilimwambia amtoe, kwa sababu alimwamini.’” Akaanza kucheka peke yake. “Dada, siku ile sikuwa na mtu mwingine! Nahodha alikuwa ameshatolewa kwa makosa, na wa akiba aliyebaki anachechemea. Nilisema ‘abaki’ huku namwomba Mungu.”

Mama Chupa akamkazia macho. “Na zile mechi za mwanzo, alipokuwa anakosa na hukumwita?”

“Hizo, ndiyo. Hizo nilimwacha kwa makusudi. Nilitaka akosee mpaka kukosea kumchoshe.” Alimrudishia karatasi. “Ile robo fainali andika nilimwacha. Hilo ni kweli. Hiyo ‘alimwamini’ ihamishie kwenye mechi za mwanzo.”

Akaihamisha, akikata na kuandika, karatasi ameiegemeza kwenye mlango wa kabati.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mama Chupa alivaa miwani, akasoma bila kupaza sauti. Alisema ni nani aliyewafundisha wasichana kusimama, kupasiana na kutupa, na wajumbe wawili wa kamati wakaanza kukagua viatu vyao. Alisema ni nani aliyewapa pumzi ya robo ya nne, na aliyempa mchezaji nafasi ya kukosea. Aliwataja wasichana kwa vitu vyao: aliyekuwa anatoka zamu ya hospitali na kuja mazoezini bila kulala, aliyekubali kuacha kufunga ili awe mlinzi, aliyetupa mia kila siku na kuokota mwenyewe. Alisema pia kwamba kocha msaidizi alitoa ushauri mmoja mbaya sana katika robo fainali na anashukuru haukufuatwa. Hapo ukumbi mzima ulicheka, na Ngazi, aliyekuwa mstari wa nyuma kwa sababu ya urefu wake, alijifunika uso kwa mikono miwili.

Saa alipanda jukwaani akapokea ngao yake kwa mikono yote miwili. Hakuikataa wala hakumpa mtu mwingine. Alikuwa ameifanyia kazi, na akaenda nayo nyumbani.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alipiga hodi kwa Mama Chupa. “Nipeleke kwa Mzee,” akasema. “Nina watoto wapya wanne mwaka ujao, hata mmoja hajui kiwiko kinakaa wapi.”

Mama Chupa akampeleka karakanani, akawatambulisha, wakapeana mikono kwa baridi kidogo, kila mmoja akimwita mwenzake “kocha” kwa adabu iliyopita kiasi. Halafu Saa akauliza kwa nini mwaka jana timu ilikuwa inalinda kwa eneo, kila mchezaji na sehemu yake ya uwanja, badala ya mtu kwa mtu. Mzee akakunja uso. Akasafisha meza kwa kiganja, akapanga nati tano kama wachezaji, akamwambia aje hapa aone. Saa akachukua nati nyingine tano upande wake. Baada ya nusu saa hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu wa tatu chumbani. Mteja alikuja kuchukua baiskeli yake, akaambiwa asubiri, naye akaishia kuinama juu ya meza. Mama Chupa akaaga, hakujibiwa, akarudi nyumbani.

“Vipi,” mumewe akamuuliza, “wamepatana?”

“Wanagombana. Mmoja anataka ulinzi wa eneo, mwingine hataki kuusikia. Nimewaacha wanarushiana nati.”

“Basi wamepatana,” mumewe akasema, akamsogezea kiti.