Ngano ya Toader

Hivi wewe, mto mmoja ukikumezea mtu na mbwa siku moja, ungemlilia nani kwanza?

Bwana wa nchi ya Maramureș alimlilia mbwa. Alikuwa amevuka milima akimfukuza fahali wa mwituni, na mbwa wake jike, Molda, akajitosa mtoni nyuma ya fahali. Toader, mtunza mbwa, naye akajitosa, maana bwana alipaza sauti, "Mfuate!" Fahali aliuawa. Hao wawili wakazama.

Safta, mama yake Toader, mpishi wa msafara, alichemsha ngano taratibu, akaitia asali, juu akapanga kokwa za jozi kwa umbo la msalaba. Kwa imani yao, marehemu asipotajwa jina na padri juu ya ngano yake, huko aliko hukaa na njaa. Akaibeba mpaka kwa padri.

"Baba, nitajie Toader wangu."

Padri akatazama pembeni. "Mama Safta, bwana amekataza. Anasema mwanao ndiye aliyeachia kamba ya Molda."

"Aliachia? Alipoopolewa kamba bado imemzunguka mkono! Niliifungua mwenyewe, kwa meno."

Vlaicu, mkuu wa mawindo, aliyesimama karibu, akacheka. "Wewe kizee nawe! Mbwa kama Molda hazaliwi tena. Mtoto wa mpishi? Hao wamejaa jikoni." Akampokonya bakuli, akaliweka chini mbele ya watoto wa Molda. Wakala ngano, wakala jozi, wakalamba bakuli likang'aa. Safta alisimama pale pale mpaka wakamaliza, kisha akaliokota akaenda kuliosha.

Jumapili bwana aliwakusanya watu wote ukingoni. Mto ungeitwa Moldova, kwa ajili ya Molda, na nchi yote hiyo mpya ingechukua jina la mto. Kwa desturi yao, mwanamke mzee kuliko wote ndiye humwaga divai na kulitamka jina kwanza, ndipo lishike. Na mzee kuliko wote alikuwa Safta.

"Ukikosea," Vlaicu alimnong'oneza, mkono kwenye kisu, "ulimi wako nawapa wale wale waliokula ngano yako."

"Haya, bibi," bwana akasema kwa utani, "usitukaushe koo. Unaitwaje huu?"

Safta alimwaga divai polepole mpaka mtungi ukaisha. Alikitazama kile kisu, kisha akayatazama maji.

"Toader," alisema, kwa sauti iliyofika ng'ambo. "Toader wa Safta. Ale, ashibe."