Mwenye Tovuti Ni Mkunga

Mtu wa kwanza alimtukana mkunga kwa simu, mkunga akiwa bado hajavua glavu. "Mwizi mkubwa! Mama yangu kalazwa kwa vidonge vyenu feki vya presha!" Mkunga akadhani namba imekosewa. Hadi jioni alikuwa ametukanwa na watu chungu nzima, wote wakitaja tovuti moja ya dawa ambayo hajawahi hata kuisikia.

Wifi yake ndiye aliyeifukua. Kompyuta alizijua vizuri, na nyumbani walimtania kwamba ndiye wifi pekee asiyekatika. Alifungua kumbukumbu za usajili wa jina la tovuti ile, akasoma, kisha akamgeuzia mkunga kioo cha kompyuta. Mwenye tovuti: mkunga. Jina lake, mtaa wake, namba yake ya simu.

"Matapeli wameyachota haya kwenye tangazo lako la ukunga," wifi alisema. "Kilicho chao hapa ni barua pepe tu. Zima simu kwanza."

"Nikizima, wenye uchungu wampigie nani?"

Hakuizima. Ijumaa, mume wa mjamzito mmoja alipiga, namba inatumika. Akapiga tena, inatumika. Mkunga alikuwa anamalizia kutukanwa. Hadi alipopatikana na kufika, mtoto alikuwa ameshatoka, jirani amemfunga kitovu kwa kamba ya kiatu, na mama ametokwa damu hadi midomo imepauka. Alipona. Lakini mkunga alitoka chumbani mle akiwaka hasira.

Kesho yake alitinga na wifi yake kwenye kampuni iliyosajili lile jina. Ofisa wa malalamiko alikuwa bwana mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Tulishamwandikia mwenye tovuti athibitishe taarifa zake. Amejibu kwamba ni sahihi."

"Mwenye tovuti ni nani?"

Ofisa akasoma jina. Mkunga akabamiza kitambulisho kaunta. "Ni mimi. Sasa nani kakujibu?"

"Ombi la kufuta lazima litoke kwenye barua pepe iliyosajiliwa, mama. Ndio utaratibu."

"Mwizi amevaa jina langu, halafu unanituma nikamwombe ruhusa ya kumvua?"

"Mama, punguza jazba."

Simu ikaita. Mkunga akaweka spika, akailaza mbele ya ofisa. "Pokea. Mweleze utaratibu."

Sauti ya mwanamke ikalipuka: baba yake hajitambui tangu jana, nyie mashetani mna roho gani? Ofisa akaanza, "Samahani, dada, hapa ni..." Akaporomoshewa matusi ya nguoni. Simu ikakatika, ikaita tena, mwingine. Wa tatu alikuwa analia tu. Ofisa alilegeza tai, akaenda kumwita mkuu wake.

Mkuu alimsikiliza mkunga bila kukaa. "Mwenye tovuti alipothibitisha, uliipiga namba yake?" alimuuliza ofisa.

"Huwa tunaandika tu, bosi."

"Kanuni inatutaka tuhakiki. Kuandikiana na mwizi ndiyo kuhakiki?" Akaipiga mwenyewe. Ikaita pale pale kaunta.

Kabla ya adhuhuri tovuti ilikuwa imefungwa.

"Pole kwa usumbufu," ofisa alisema.

"Usumbufu!" Mkunga alimtazama hadi bwana yule akainamisha uso. Alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini wifi alimshika kiwiko, wakatoka.

Wiki haijaisha, wifi akaiona tena: jina jipya, picha zile zile, vidonge vile vile, kampuni ile ile. Safari hii aliyeandikwa ni mwalimu wa masomo ya ziada wa mtaa mwingine, na namba yake ipo.

Mkunga akapiga. "Mwalimu, hunijui. Kaa chini nikueleze, kuna watu wataanza kukutukana kwa ajili ya tovuti ya dawa..."

"Matapeli wakubwa nyie!" mwalimu akafoka. "Mtanipata mimi?" Akakata.

Mkunga akasonya, akapiga tena.