Apeli ya Saa Mbili

Kanuni ile niliiandika mwenyewe, nikaipiga muhuri mwenyewe, nikaibandika kwenye mlango wa ukumbi kwa gundi ya seremala ili mjanja yeyote asiibandue: "Anayemjibia mwenzake kwenye apeli, wote wawili wamefutwa." Nilikuwa na sababu. Miaka kumi na tisa niko ofisi ya wanafunzi ya chuo chetu hapa Uvira, na nimeona apeli, ile ya kuita majina, ambapo mtu mmoja anaitikia kwa sauti tano huku wenzake wanne wamelala kwao mtaa wa Songo. Maprofesa wetu wengi hutoka Bukavu, hufundisha wiki mbili, hutoa mtihani, hurudi. Sura za watu hawazijui. Wanajua majina kwenye karatasi, na sauti inayosema "Présent!" Asiyeitika mara tatu hafanyi mtihani.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Pitchou, kijana anayeuza yuniti za simu mtaani Kimanga baada ya masomo, mdomo kama redio. Aliitika kwenye jina la msichana anayeitwa Uwizeye. Nilimburuta mpaka ofisini.

"Mama Pétronille, acha nikuelezee..."

"Utamwelezea mama yako. Toka!"

Akatoka. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza, sikufuta jina la mtu, nilitoa onyo tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu, nami nikajisifu hata kanisani.

Siku ya mwisho ya kozi ya Profesa Jean-Marie nilibandika orodha ya watakaofanya mtihani kesho yake. Sijakaa vizuri kwenye kiti, msichana akaingia bila kubisha, daftari kifuani. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama anaita mtu ng'ambo ya mto Ruzizi.

"Mama, jina yangu haiko ku liste! Minye Uwizeye!"

"Umekosa siku kumi na mbili. Kozi nzima! Na bado unanipigia kelele?" Nilisema hayo nikiwa nimeinamia karatasi zangu.

Alizunguka meza, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa chini ya wangu.

"Sema tena, Mama. Uniangalie. Minye sisikiaka, ninasomaka ku kinywa."

Akanieleza kwamba homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na miaka tisa, kijijini kwao Mutarule, na kwamba shule yote tangu hapo ameisoma kutoka benchi la mbele. Nikamuuliza polepole, nikimtazama, kwa nini haitiki kwenye apeli.

"Apeli gani?"

"Ya kila siku, saa mbili!"

Alifikiri kidogo. "Ile saa? Nilizania profesa anapanga makaratasi yake. Anakuwaka ameinamisha kichwa."

Aibu ilinipanda mpaka nikatafuta pa kuweka macho. Pitchou alikuwa ametaka kunieleza jambo hili hili, nami nilimfukuza kama mwizi wa kuku.

Nikafungua daftari. Nimeona madaftari ya wanafunzi kwa maelfu, na lile silisahau. Mwandiko wake ulikuwa wa buluu, mdogo, safi. Kila baada ya mistari kadhaa alikuwa ameacha nafasi: hapo, alinieleza, profesa aligeukia ubao huku anaendelea kusema, na mgongo wa mtu hausomeki. Lakini nafasi zile zilikuwa zimejazwa, kwa kalamu nyekundu, nyeusi, kijani, hata penseli, miandiko ya watu wanane au tisa, tarehe kwa tarehe, siku zote kumi na mbili. Mmoja ulikuwa umepindapinda vibaya. Niliujua, wa Pitchou. Aliandika: "Hapa profesa alituchekesha. Nitakuambia saa ya mapumziko."

Hakuna aliyewatuma watoto hawa. Hakuna barua, hakuna kamati, hakuna muhuri wangu. Niliwapenda pale pale kwa moyo wangu wote, na nilijichukia kiasi kinachostahili.

Nilimshika Uwizeye mkono, nikampeleka mpaka chumba cha maprofesa. Profesa Jean-Marie alikuwa anakunywa chai.

"Mama, kanuni ni kanuni," alisema. "Na ni yenu. Iko mlangoni na muhuri."

"Muhuri ni wangu, profesa, na ujinga uliomo ni wangu pia. Soma hili daftari."

Alilifungua ili aniondoe upesi. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa tano, wa ishirini. Chai ikapoa.

"Mara zote hizi nilikuwa nimegeuka?"

"Mara zote."

"Na huyu alikaa wapi?"

"Mbele yako. Benchi la kwanza, upande wa dirisha."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mwandike," alisema. "Na kesho sitatamka swali. Yote nitayaandika ubaoni."

Uwizeye alipata kumi na sita kwa ishirini.

Mimi majuto yalinikuta mlangoni na kisu cha jikoni, nakwangua kanuni yangu mbele ya wapita njia. Gundi ya seremala haina utani. Pitchou akaniletea maji kwenye kopo.

"Mama, hii gundi iko kali kama weye."

Nilitaka kumzaba kibao, nikacheka. "Unisamehe, mwanangu. Ulitaka kuniambia."

"Sasa unajua, Mama. Lowesha na hapa."

Jumatatu iliyofuata akaja profesa mwingine, Sebagenzi, mgeni kabisa. Nilikimbia kumweleza habari za Uwizeye, nikachelewa: apeli ilikuwa imeanza, naye ameinamisha kichwa kama maprofesa wote. Akaita jina la kwanza. Kimya. Akaliita tena. Kimya. Akainua uso kwa hasira.

"Hakuna mutu humu?"

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanafunzi mia moja na kumi na wawili, midomo imefungwa, na aliyeitwa ameinua mkono. Akainamia jina la pili: kimya tena, mpaka alipotazama. Hata la tatu. Kufikia jina la kumi shingo ilimchoka. Akawa anachungulia karatasi, kisha anainua uso na kuita akiwaangalia. Pitchou, mwenye mdomo kama redio, alikaa kimya kama yuko kwenye sala. Hawakuniomba ruhusa. Nilisimama mlangoni, machozi yakinitoka, na sikuyafuta.

Herufi ya U ikafika. Profesa akainua uso.

"Uwizeye!"

Msichana wa benchi la kwanza alilisoma jina lake kwenye kinywa cha profesa. Hakuinua mkono. Alisimama, na kwa sauti ile yake kubwa mno, sauti pekee ya mwanafunzi iliyosikika asubuhi ile, akaitika:

"Présente!"