Bakuli la Ikupa

Ihanda nzima hakuna mwanamke anayejua kumlainisha mtu wa serikali kama mimi. Wameondoka hapa wengi wakiniita mama mzazi. Haya, alikuwa mmoja, na alikuja kuuliza njia.

Siku ile alikuja bwana samaki, kijana Makoye, kukagua bwawa la mume wangu Yonasi. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, tukang'oa mibuni, tukachimba bwawa palepale. Yonasi akaomba kibali cha kufuga sato. Perege wa kwetu ruksa, sato marufuku, maana akitorokea kijitoni perege wamekwisha. Tukikosa kibali, bwawa lifukiwe. Na mibuni tulishaipikia maharage.

Hiyo ilikuwa nusu ya taabu. Nusu nyingine ilikuwa majini. Kibali kilichelewa, Yonasi hakungoja. Vifaranga vya sato vilikuja tangu mwaka juzi kwenye pipa la Yahaya wa Tunduma, kutoka ng'ambo ya mpaka. Asubuhi ile nilikoroga tope kwa fimbo mpaka maji yakawa kama chai ya maziwa.

"Umeshapandikiza, mzee?" Makoye akauliza.

"Hata dagaa!"

"Limewahi kufurika?"

"Tuta hili? Hata tembo hatoboi."

Nikadakia, "Mwanangu, huyu mwoga. Hata kukohoa huomba ruhusa."

Makoye hakucheka. "Mama, kwetu ziwani nimeona. Samaki mgeni akishaingia humtoi. Babu yangu alikufa akitaja samaki ambao mimi sijawahi kuwaonja."

Nikatupa jicho bondeni. Kijito cha huko ndicho mboga ya jirani yetu Ikupa na wanawe.

Makoye akazunguka tuta, akalikanyaga, akaliona gumu. Akatoa peni. "Basi, kama maji hayatoki, nitawaombea kibali."

Yonasi akashusha pumzi kama ng'ombe aliyefunguliwa nira.

Ndipo Ikupa akapanda kutoka bondeni na bakuli langu kichwani. Juzi nilimpelekea maharage, na kwetu bakuli la jirani halirudi tupu.

"Hodi, Mama Lwitiko! Nimekosa hata karanga, nikaona nikuletee samaki. Kijitoni siku hizi ni hawa tu, wamejaa. Perege wetu sijui wamehamia wapi."

Makoye akamwinua mmoja, akamkunjua mkia kwenye jua. Michirizi ya sato hiyo, kutoka juu hadi chini. Akaifunika peni yake.

"Mzee Yonasi, hawa wametoka wapi?"

Yonasi akanitazama. Mimi, mlainisha serikali, nikatazama bakuli.

"Zambia," akasema. "Wamekuja wenyewe."

Ikupa akashangaa. "Wenyewe tena, baba? Si wewe uliyetuita Pasaka ya mwaka jana tuje kuziba tuta, samaki wanarukaruka kwenye majani?"