Mjane Kwenye Boksi la Sarakasi

Kaa vizuri kwanza, maana hii habari natembea nayo tangu jana na kila ninayekutana naye ana haraka. Shangazi yangu anaolewa. Ndiyo, yule yule fundi wa meno bandia, mwenye karakana pale sebuleni. Na anaolewa na mumewe. Sijakosea. Yule waliyeachana mwaka jana mbele ya hakimu, kila mmoja na wakili wake na kiburi chake.

Ngoja nianze mwanzo, la sivyo nitaruka mambo.

Mume wa Shangazi ni mpima ardhi. Nilizoea kumwita Mjomba, na talaka ilipotoka hakuna aliyenipa jina jipya la kumwita, nikaendelea na hilo hilo. Majirani wao wanamwita Bwana Subiri. Ukitazama naye filamu, kila baada ya kitambo anabonyeza rimoti, picha inaganda, anakwambia, "Subiri kidogo. Umekiona kile kivuli ukutani? Pale hapakuwa na dirisha kabisa. Fundi wa taa alikata karatasi." Filamu fupi tu, lakini mpaka iishe nguo ulizoanika zimeshakauka.

Wote wawili ni wagonjwa wa filamu za zamani. Nyeusi na nyeupe, wanawake wenye kofia za wavu, wanaume wanaolia huku wanavuta sigara. Na si kuzitazama kwenye simu kama mimi na wewe. Wanazikusanya kwenye diski, kila moja na boksi lake, jalada lake, na kile kijitabu cha ndani ambacho Shangazi hukinusa kabla ya kukisoma. Filamu moja wanaweza kuwa nayo mara tatu: ya kwanza imejaa vumbi kwenye picha, ya pili imesafishwa, ya tatu imesafishwa na ina mahojiano na mama aliyeshona zile kofia. Ukiuliza kuna tofauti gani, wanakutazama kama umemtukana marehemu. Rafu yenyewe ilikuwa sebuleni, inatazamana na rafu ya mataya ya plasta. Mgeni akiingia, waigizaji wanamchekea upande huu, meno yanamchekea upande ule, hajui amsalimie nani.

Sasa hapa sikiliza. Wale wawili walikuwa na uvivu wao wa pamoja. Diski wakishaitazama hawaitoi kwenye deki. Inabaki humo mpaka siku ya kutazama nyingine. Siku hiyo wanafungua boksi la filamu wanayoitaka, wanatoa diski yake, wanaitoa na ile ya zamani kwenye deki, na kwa kuwa boksi liko wazi mkononi, wanaitumbukiza humo humo. Basi. Filamu ya mjane ikalala kwenye boksi la sarakasi, sarakasi ikalala kwenye boksi la baharia, baharia akalala kwa mpelelezi, miaka nenda miaka rudi, mpaka rafu nzima hakuna aliyelala kwake.

Mimi nimesomea ukutubi. Chuoni nilifundishwa kwamba kitu kisichokuwa mahali pake kimepotea. Siku niliyohamia kwa Shangazi nilifungua maboksi matatu, nikalazimika kukaa chini. Lakini wao hawakuwahi kupotelewa na kitu. Waliulizana tu: baada ya mjane tulitazama nini? Ukijua walichotazama baada yake, umejua boksi alimo. Na kumbukumbu yao waliigawana kama mzigo sokoni. Shangazi anakumbuka siku, Mjomba anakumbuka filamu. Mmoja anasema, "Hiyo ni siku lile bomba la jikoni lilipopasuka," mwenzake anasema, "Bomba lilipopasuka, kesho yake sarakasi." Wamemaliza.

Waliachanaje? Kijinga, kama watu wengi. Walikuwa katikati ya filamu, Shangazi ana neno zito la kusema, jambo la kuhamisha karakana, na Mjomba akagandisha picha aeleze habari za kamera. Shangazi akamwambia, "Chagua. Rimoti au mimi." Mwenzangu, mtu mzima, mwenye akili zake, akajibu, "Subiri kidogo, nifikirie."

Unafikiria nini hapo?

Nyumba ni ya Shangazi, alirithi, kwa hiyo aliyeondoka ni Mjomba. Deki akaichukua, maana alikuja nayo. Filamu wakagawana nusu kwa nusu. Alileta futi yake ya kazini, akaipima rafu, akachora mstari kwa penseli: kushoto za Shangazi, kulia zake. Baba yangu, ambaye ni kaka wa Shangazi, alisimama pale kama refa. Maboksi yakafungwa kwenye katoni, yakateremka ngazi. Hakuna aliyefungua hata moja.

Wiki ile ile Shangazi akataka kumwona mjane wake. Boksi la mjane analo. Kalifungua, ndani kuna askari wapanda farasi. Nikamsikia anacheka peke yake, kisha akachukua simu.

"Halo. Sikupigii kwa mapenzi."

"Sawa," Mjomba akajibu. Simu ya Shangazi ina sauti kubwa kama redio, huhitaji kutega sikio.

"Mjane. Tulimtazama lile bomba lilipopasuka."

"Basi yumo kwenye sarakasi. Na sarakasi iko kwangu."

"Niletee."

"Nimalize chai."

Akamleta. Akasimama mlangoni, haingii, amevua viatu kwa mazoea, halafu akakumbuka si kwake tena, akavaa. Kuanzia hapo, mwenzangu, ikawa ndiyo kazi. Simu leo, simu keshokutwa. "Yule kinyozi muuaji tulimtazama nilipong'oka kucha." "Kucha ya mguu au ya mkono?" "Ya mguu." "Basi yumo kwa malkia, na malkia unaye wewe, tazama rafu ya chini." Shangazi alizitazama kwenye kompyuta yangu, na akimaliza anairudisha diski kwenye boksi lile lile lisilo lake. Nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, nipe siku moja tu. Mwambie Mjomba alete zake, mimi nizipange zote. Kila diski kwenye boksi lake. Hutasumbuka tena."

Alikuwa anachonga jino. Hakuinua hata uso.

"Halafu nitampigia simu nimwambie nini?"

Nikalirudisha boksi rafuni. Mimi, niliyeshinda shindano la mdahalo la chuo.

Sasa juzi Mjomba ndiye aliyepiga. Kahamishwa kikazi. Mbali, kule wanakopima barabara mpya, na atalala kwenye kambi, kitanda na sanduku, hakuna pa kuweka filamu. "Kesho mchana anakuja mnunuzi kuzichukua," akasema. "Nimeona nikwambie."

"Umefanya vizuri," Shangazi akajibu. "Safari njema."

Akaweka simu chini, akarudi kwenye jino, akalichonga. Akalichonga na jirani yake. Mwenye meno alipokuja jioni kuyajaribu alitazama kwenye kioo akauliza kwa upole, "Fundi, haya si ya mjukuu wangu?"

Nilimfuata jikoni. "Shangazi, mwambie."

"Nimwambie nini? Mwanamke wa umri huu nimning'inie mtu shati, nimwambie usiende?"

"Akiziuza, na filamu zako zilizolala kwenye maboksi yake zitakwenda nazo."

"Najua."

"Na simu zitakwisha."

"Wewe mtoto, najua. Kuna kitu nimekwambia sikijui?"

Lakini asubuhi nikamkuta amefunga katoni zake zote kwa kamba. Kavaa gauni la kwendea watu. "Twende," akasema. "Auze za kwake, asije akaniuzia na za kwangu. Haki ni haki." Nikabeba. Wala sikuuliza haki inahusianaje na lile gauni.

Mjomba alipanga chumba juu ya duka la vioo. Tulimkuta na mnunuzi ameshafika, mama mmoja anayefanya biashara ya filamu kuukuu, wanamwita Madam Mikwaruzo. Yeye filamu haitazami, anaikagua: anainyanyua diski kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anatamka hukumu. Alikuwa ameshaanza kupiga kelele. "Boksi linasema mazishi, ndani mna harusi. Unanifanyia mzaha?"

"Ndiyo maana nimekuja," Shangazi akasema, akakaa sakafuni na gauni lake.

Mjomba akakaa upande wa pili. Wakaanza kuzifungua mnyororo, moja baada ya nyingine. Mimi nikawa napokea na kuweka kila diski kwenye boksi lake la kweli, kazi niliyoililia mwaka mzima. Ungedhani nitafurahi.

"Harusi tuliitazama lini?" Mjomba akauliza.

"Siku uliyorudi umelowa, ukapiga chafya mpaka mwisho."

"Baada yake mazishi. Sawa. Na mazishi?"

"Siku niliyopata mteja wa kwanza. Ulininunulia taa ya mezani."

"Ile yenye shingo ya bata."

"Bado inafanya kazi."

"Baada yake jambazi mwenye miwani."

"Samahani," Madam Mikwaruzo akasema, "hizi mnauza au mnasimuliana?"

Hawakumsikia. Yule mama akanitazama, mimi nikamtazama, akavuta stuli akakaa, akawa ananong'ona, "Waliachana hawa? Aliyewaachanisha nani, ana leseni?" Na mimi nikapunguza mwendo, maana kila boksi lililopata diski yake lilikuwa sababu moja ya kupiga simu iliyokufa. Kule kwa hakimu walitia saini tu. Talaka yenyewe ndiyo hii, na mimi ndiye niliyekuwa naifunga vifuniko.

Tukafika mwisho. Diski zote zimerudi kwao. Likabaki boksi moja tupu, upande wa Shangazi: yule mwanamke wa kituo cha treni. Shangazi akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Hii iko wapi?"

Mjomba akajishughulisha kufunga katoni.

"Mpima, nakuuliza. Umeshamuuzia huyu?"

"Mimi sijauziwa kitu," Madam Mikwaruzo akasema. "Mimi nimeuziwa hadithi tu."

Mjomba akanyoosha kidole kwenye sanduku lake la safari. Juu yake deki, imefungwa kwa taulo kama mtoto mchanga. Ile hakuwa anaiuza. "Imo humo," akasema. "Ndiyo tuliyokuwa tunaitazama siku ile."

"Hujaitoa?"

"Sijaitoa."

"Mwaka mzima? Umetazama nini sasa mwaka mzima?"

"Sijatazama."

Shangazi akaweka boksi chini polepole. Na Mjomba, mtu anayeweza kukuelezea kivuli mpaka ukalala, akatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Nikiweka nyingine, lazima hii ningeihamishia kwenye boksi la hiyo nyingine. Na siku hiyo ningekuwa peke yangu. Mimi sikumbuki siku. Nani angenikumbusha iko wapi?"

Nakuapia hata Madam Mikwaruzo alifumbua macho yote mawili.

Shangazi alijikuna kidevu. Anajikuna hivyo akipima taya la mteja, kuona kama litabeba. Kisha akauliza, sauti ya kazini kabisa:

"Huko unakokwenda, watu wana meno?"

"Wengine wanayo."

"Na wasio nayo wanatengenezewa na nani?"

"Hakuna. Wanasafiri mpaka huku."

"Kambini sitalala. Utatafuta nyumba yenye chumba cha mbele chenye mwanga. Uitafute wiki hii, usianze kufikiria."

"Kuna moja," Mjomba akasema haraka mno. "Niliiona nilipokwenda kupima. Nilisimama mlangoni nikasema, hapa lingekaa benchi lake."

"Uliona ukanyamaza?"

"Niliogopa utaniambia safari njema."

"Ningekwambia," Shangazi akasema. Akajifuta macho kwa kiganja, akakunja uso ili tusione, tukaona.

"Kwa hiyo mimi," Madam Mikwaruzo akasema, "nimepanda ngazi zote zile kufanya nini?"

"Kaa hapo hapo," Shangazi akamjibu. "Na wewe Mpima, fungua hilo taulo. Tumalize kumtazama huyu mwanamke wa kituo."

Tukamtazama wote wanne kitandani mwa Mjomba, kwenye televisheni ndogo ya chumbani, tumejipanga kama ndege kwenye waya. Madam Mikwaruzo alilia kuliko wote, anajipangusa huku anasema hajawahi kujua kwamba ndani ya diski mna watu.

Nilimpigia Baba palepale ngazini. "Anaolewa na nani?" akauliza. Nikamwambia. "Huyo si tulishamtoa?" "Ndiyo, Baba." "Mwambie aje aombe upya basi. Na futi aiache kwake."

Wanaandikishana Jumatatu, kisha wanaondoka, na mimi naachiwa nyumba na kibao cha meno mlangoni. Leo asubuhi kabisa kaja mzee mmoja, anamtaka fundi. Nikamwambia fundi anahama. "Kwa nini?" akaniuliza. Haya, si kauliza mwenyewe? Nikamkalisha, nikamsimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe. Alisikiliza mdomo wazi mpaka mwisho, na humo mdomoni hamna jino hata moja. Halafu akasimama, akachukua kofia yake, akaniuliza basi la kwenda huko linaondokea wapi.